Sauti ya Ntawukuriryayo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mbonigaba, mdogo wake marehemu, na familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, Bonaventura Ntawukuriryayo, aliyezaliwa hapa Nyamyumba, kando ya ziwa, tarehe 3 Mei 1927, mtoto wa nne wa mzee Nzeyimana na mama Mukantwari.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1935 hadi 1940, akajua kusoma na kuandika vizuri, lakini alikuwa na haya kupita kiasi, akiitwa mbele ya darasa machozi yalimtoka, na wageni wakija nyumbani alipitia mlango wa nyuma akaenda kukaa kwenye migomba mpaka waondoke.

Mwaka 1948 aliajiriwa kupiga kasia katika mtumbwi mkubwa wa mzee Habimana, uliopeleka watu na mizigo soko la Gisenyi, akachagua kukaa nyuma kabisa, na wenzake walipoitikia nyimbo za kazi yeye alichezesha midomo tu.

Tarehe 12 Machi 1953, mtumbwi ukiwa umejaa akina mama na mizigo yao, upepo mkali uliwakuta katikati ya ziwa, Habimana, ambaye ndiye aliyeongoza nyimbo, akaanguka na kuumia kichwa, makasia yakaanza kugongana, na mtumbwi ukageuka ubavu kwenye mawimbi. Hapo kaka yetu, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuimba wimbo ambao mama yetu alitubembelezea, sauti ikimtetemeka, mpaka mama mmoja muuza viazi, Mukagatare, ambaye yuko nasi hapa leo, akapiga kelele, "Wewe, imba na nguvu! Huku mbele hatukusikie!" Akaimba kwa nguvu, makasia yakashuka pamoja, na watu wote wakafika Gisenyi wakiwa hai.

Msidhani haya yake iliisha siku hiyo, kwani kesho yake alirudi kukaa kimya nyuma, na Habimana, kichwa kikiwa bado kimefungwa kitambaa, alipomwambia, "Sasa utaimbisha wewe, hata maji ikitulia," alikataa, kisha akakubali kuimbisha mwanzo wa safari tu, baadaye hadi nusu ya njia, na kabla mwaka haujaisha aliimbisha kwenda na kurudi, na abiria wakawa wanauliza kwanza kama yumo ndipo wapande.

Tarehe 20 Agosti 1955 alifunga ndoa na Mukashyaka, ambaye kaka alimtamkia yeye mwenyewe kwamba anampenda kabla hajawatuma wazee kuposa, wakajaliwa watoto wawili, Nyirasafari na Sebahire, na mwaka 1957 alikabidhiwa uongozi wa mtumbwi, ambapo kila kijana mgeni mwenye haya alimkalisha karibu naye.

Mwezi Januari mwaka huu wa 1959 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya Gisenyi, na tarehe 14 Februari, saa tatu asubuhi, akafariki, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na masista waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi msibani, na wapiga makasia wenzake waliomleta nyumbani kwa njia ya ziwa, wakiimba tangu Gisenyi hadi hapa.

Siku mbili kabla ya kufariki aliniita, mimi ambaye hamjawahi kunisikia nikisema mbele ya watu, akaniambia, "Siku yangu utasoma wewe, na usiangalie chini." Kaka, nimesoma, na nimewatazama wote. Upumzike sasa kwa amani.