Kibanio kwenye Ukosi wa Mama Dobi

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Dobi, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wanne wa mwashi na mshona mashuka. Marehemu mama alisimulia kwamba mtoto huyo hakulia. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Katika ripoti ya darasa la tano mwalimu aliandika: “Ana akili, ila siku nyingine hayupo.” Baba alikwenda shuleni kubishana. “Hayupo vipi, na daftari la mahudhurio halina pengo?” Dada peke yake ndiye aliyemwelewa mwalimu.

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na fundi redio, shemeji yetu. Walipendana, lakini siku zile za “hayupo”, nzito bila sababu, zilimfuata hadi kwa mumewe.

“Nimekosa nini tena?” shemeji aliuliza.

“Hujakosa.”

“Basi mbona umenuna?”

“Sijui, baba watoto. Ningejua ningekuambia.”

Shemeji, ambaye kazini kwake kila mkwaruzo una waya wake, hakukubali. Alimhamishia kwenye chumba chenye dirisha kubwa. Alimnunulia viatu. Waombaji walikuja, wakaomba, wakaondoka. Uzito ulibaki, kisha wiki mbili baadaye ukatoweka bila kuaga.

Mwaka 1981 dada alifungua udobi katika chumba cha mbele: meza ya pasi, mapipa mawili, kamba sita uani. Mteja wake wa kila Jumatatu alikuwa mtawa mmoja mzee aliyeleta vitambaa vya altare. Siku moja mwaka 1988 Sista alimkuta ameinamia beseni, mikono ndani ya maji, haoshi chochote.

“Ninaomba hali hii iondoke, Sista. Haiondoki.”

“Unaomba kama mtu anayekamua blanketi peke yake. Blanketi likikushinda unafanyaje?”

“Ninalitundika lichuruzike.”

“Basi mwambie Mungu, ‘Leo nimelowa.’ Kisha jitundike hapo mbele yake, uchuruzike.”

“Kwa muda gani?”

“Wewe huwa unaliuliza blanketi?”

Dada alicheka, uzito ukiwa bado umemkalia. Tangu siku hiyo hakuuita ugonjwa wala pepo. Aliuita unyevu. Kila asubuhi ya unyevu alisema sala yake ya maneno mawili, akabana kibanio cha nguo kwenye ukosi, akapiga pasi kama kawaida. Aliwaeleza mumewe na watoto wawili aliokuwa nao: “Mkikiona hiki, maana yake ni moja tu: si wewe.” Baadaye shemeji naye alianza kubana chake kila redio ilipomshinda. Mteja mmoja aliuliza kama vibanio huja na nguo au hulipiwa kando.

Tulichokisahau sote ni kwamba kitindamimba alizaliwa 1994.

Mwaka 2022 madaktari walisema moyo wa dada umepanuka. Alilazwa mara tatu. Jumapili tarehe 9 Juni 2024, wodini, kitindamimba alimwambia afunge udobi. Walikwaruzana. Alasiri ya Jumatatu binti huyo alirudi kuomba radhi, akafika mlangoni, akaona kibanio kwenye ukosi wa gauni la hospitali. Aligeuka akaenda zake. Dada alituacha Jumanne tarehe 11 Juni, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Haya tuliyajua juzi tu, tulipokaa kuandika wasifu huu. Binti alisema, “Mama alikufa hataki kuniona. Alivaa kile cha msinisogelee.”

Shemeji alimtazama. “Cha nini? Nani alikuambia hivyo?”

“Hakuna aliyeniambia. Nilikikuta.”

Tulitazamana. Kila mmoja alidhani mwingine alishamwambia. Miaka thelathini, katika nyumba ya vyumba vitatu.

Muuguzi anasema dada alikiomba kibanio Jumatatu mchana, akisema kuna mtu atakuja. Alikuwa amelowa kiasi gani siku ile, na kwa nini, hatujui. Labda hata yeye hakujua. Neno lake tunalijua. Mwanetu, tunalisoma hapa mbele ya watu, kwa kuchelewa: si wewe. Haikuwa wewe hata siku moja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Sista alimtangulia. Kibanio anacho kitindamimba, na leo amekivaa. Msimuulize amekasirikia nani.

Dada, umechuruzika vya kutosha. Pumzika sasa, mkavu, kwa amani.