Njia ya Basil Ubwa, Forodhani hadi Matemwe

Kwa niaba ya familia ya marehemu mzee Ubwa wa Kikwajuni, nimepewa mimi Amosi kusoma maisha ya kaka yangu Basil, na nawaomba mnivumilie, kwani mengine yaliyomo yananihusu na yananikera.

Basil alizaliwa Kikwajuni tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi seremala Ubwa na Bi Agneta, akasoma hapahapa mjini kuanzia 1963 hadi 1973, ambako walimu walilalamika kuwa akitumwa chaki harudi mpaka ahesabu hatua za kwenda na kurudi. Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kushika mnyororo wa kupimia ardhi, akapanda hadi kuwa mpima kamili, na tarehe 7 Disemba 1985 alifunga ndoa na Bi Monika katika kanisa la Mkunazini, akichelewa nusu saa kwa kuwa alipita kwanza Bububu kuhakikisha jiwe la mpaka, jambo ambalo shemeji hajalisahau mpaka leo. Walijaaliwa watoto wawili, Perpetua, tarehe 19 Mei 1987, na Klementi, tarehe 30 Januari 1991.

Mwaka 1999 mpima mmoja mgeni, alipomaliza mkataba wake, alimwachia kidude cha GPS, kile kinachosoma satelaiti na kukwambia umesimama wapi, na tangu siku hiyo Jumamosi zake zote tukazipoteza. Alitaka Unguja iwe na mbio ndefu za mlimani, na akiulizwa mlima uko wapi hujibu kuwa kilima cha Masingini ukikipanda na kukishuka mara sita, miguu haitouliza tena. Alitembea na kidude mkononi kutoka Forodhani hadi Masingini, Mangapwani, kisha juu ya mawe makali hadi Matemwe, kilomita sitini na mbili na nusu, na kila nukta aliiandika.

Tarehe 12 Agosti 2001 aliipeleka njia yake kwenye kamati ya mbio, akiwa ameichora juu ya ramani ya zamani ya ofisini, na masikini, pale Matemwe mstari ukaingia baharini, kwenye vitalu vya mwani. Wajumbe walicheka mpaka wakafuta machozi, mmoja akauliza wakimbiaji watapewa ngalawa au waogelee, na katibu akaandika kuwa ramani haifai. Katibu huyo ni mimi, niliyejua kuwa ndugu yangu hajawahi kudanganya kipimo, na bado nikaandika.

Kosa lilikuwa lake, naye asingetaka nilifiche. Ramani ile ya zamani na satelaiti hazianzi kuhesabu mahali pamoja, kwa hiyo mstari wote ulisogea kiasi cha mita mia tatu, na kwenye kidude mlikuwa na pa kurekebisha ambapo hakupagusa. Alipoligundua aliitembea njia yote upya, akaichora upya, na tarehe 9 Mei 2004 akanikabidhi ramani pamoja na barua ya kuomba isikilizwe tena. Niliitia kwenye faili, kwa uvivu na kwa haya ya kufungua maneno niliyoyaandika mwenyewe. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza kama kamati imekaa, nami nikamjibu bado, hata baada ya kamati kuvunjika mwaka 2007.

Mwaka huohuo figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na tarehe 3 Juni 2008, saa nne asubuhi, alifariki dunia hospitalini hapa mjini. Siku moja kabla aliniuliza tena, nikamwambia bado. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kikwajuni, wapima wenzake, na akina mama wakulima wa mwani wa Matemwe, ambao walimcheka alipopita na kidude chake lakini hawakumnyima maji, na leo wamefika. Kamati siishukuru.

Ramani ile nimeitoa kwenye faili, ipo ukutani karibu na mlango, na mstari wake Matemwe unapita nchi kavu, nyuma ya nyumba za hao akina mama, wenyewe wameutazama na kukubali kuwa ndipo.

Kamati imekaa leo, kaka, ni hawa waliokuzunguka, na ramani yako imepita. Pumzika kwa amani.