Neville Mascarenhas na Majani Yaliyosubiri Ndege

Wasikilizaji wapendwa, leo redio yetu hapa Toronto inamkumbuka Neville Mascarenhas, mkazi wa Mississauga aliyekuwa mkulima uzeeni. Mgoa, mzaliwa wa Kitale. Ametutoka mwezi Mei, mkewe Mabel akiwa pembeni yake.

Wengi mlimjua kanisani. Sauti nene, na Kiswahili cha Kitale kisichochujuka hata baada ya miaka mingi ya baridi. Alifanya kazi kiwandani Rexdale mpaka akastaafu. Kisha akanunua shamba la majani ya ng'ombe, kaskazini mwa jiji.

"Nilidhani amerukwa na akili," Mama Mabel ameniambia huku akicheka. "Wenzake wanastaafu wapumzike, yeye ananunua trekta!"

Lakini Neville alikuwa ameikumbuka Kitale. Baba yake alikuwa karani wa shamba kubwa huko. Utotoni Neville alipenda kufuata nyuma ya mashine ya kukata majani, kwa ile harufu tu. Siku moja akaona kiota cha kware kimesagwa, vifaranga wakiwa ndani. Binti yake, Leanne, anakielewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Alichosema ni hiki: "Baba alituhadithia jambo hilo mara nyingi. Na kila mara aliishia palepale."

Huku nako kuna ndege wadogo wanaotaga chini, katikati ya majani. Vifaranga huruka Julai. Majani huwa matamu kwa ng'ombe mwezi Juni. Ndiyo maana serikali ilikuwa ikiwalipa wakulima wa kaunti ile ruzuku ya hifadhi: subiri Julai ndipo ukate, nasi tutafidia hasara yako. Narudia, walilipwa ili wasubiri. Neville alisubiri. Majirani walisubiri.

Mwaka mmoja ruzuku ikasimamishwa. Wakulima wakakutana ukumbini. Jirani yake, Darius, akasema atakata Juni, ana watoto wa kulisha. Neville akasimama.

"Ruzuku imekwisha," alisema, "lakini ndege hawajaambiwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Hakukata Juni ile, wala Juni iliyofuata. Majani yakakomaa, yakawa magumu, wanunuzi wakayakataa. Ili shamba lisiuzwe, Neville akarudi Rexdale kupakia mizigo ghalani, mzee wa miaka sabini na mmoja.

"Nilimkasirikia sana," anasema Mama Mabel. "Nikamwuliza, Neville, ndege ndio watakaokuzika? Akasema, 'La, utanizika wewe, Mabel. Lakini nizike nikiwa na amani.' Nikampashia chai."

Ruzuku ilirudi msimu wa tatu. Maofisa walizunguka kaunti nzima wakitafuta viota. Waliwakuta ndege kwa Neville, na kwingine karibu hakuna. Kutoka pale wameanza kurudi mashamba ya jirani.

Siku ya mazishi, Darius alimshika Mama Mabel mkono. "Mimi nilikata miaka ile," akamwambia. "Sikuwahi kumwomba radhi."

Mama akamjibu, "Alijua una watoto, Darius. Hakukusema vibaya hata siku moja."

Mama Mabel, Leanne na ukoo mzima, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee wetu. Nasi tuliobaki, kabla hatujalala leo, kila mmoja ajiulize: katika mema ninayoyafanya, ni lipi ningeendelea nalo hata kama malipo yangekoma kesho?