Nani Aliyeichoma Pikipiki ya Biera

Benchi letu lipo ndani ya duka la petroli la huku kwetu Luovvajávri, kaskazini ya mbali, chini ya dirisha, karibu na birika la kahawa. Ukikaa hapo unaziona pampu zote mbili na kila anayezisogelea, ndiyo maana tunapapenda. Jana pikipiki ya theluji ya Biera iliwaka moto katikati ya ziwa lililoganda akiijaza mafuta kwa dumu, ikabaki vyuma vitupu. Mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Asubuhi hii tulikuwa tumeshampata mhalifu: Heaika, jirani yake wa malishoni, waliyegombana naye wakati wa kuwatia ndama alama masikioni. Jioni wenye kundi la kulungu wa kufugwa wangekutana, na kwa maneno yetu tu Heaika angefukuzwa malishoni pamoja na kulungu wake wote. Mimi sikuwa na shaka hata kidogo. Heaika ananikera siku zote.

Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, alisema mpira wa mafuta ulilegezwa usiku. Askofu, tuliyempa jina hilo kwa sababu kanisani hakanyagi, akatikisa kichwa.

— Mpira ni kazi ya kitoto. Yule katia kitu kwenye tangi.

— Kitu gani?

— Ningekijua ningekuwa nimekaa na nyie hapa?

Redio hakukubali kupitwa. Akashusha sauti, akasema wale wanaotaka kujenga mitambo ya umeme wa upepo wamemnunua Heaika, wanataka wafugaji tuungue mmoja mmoja ili mlima ubaki wao. Nikauliza mbona wameanza na Biera, mwenye kulungu wachache kuliko sisi sote.

— Ndiyo ujanja wenyewe huo. Nani angewashuku?

Biera mwenyewe alikuwa amekaa kati yetu, akidumbukiza vipande vya jibini kwenye kahawa, kama tufanyavyo huku, kwa mkono wa kushoto. Tulimwonea huruma kwelikweli.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ristiinna, mke wa Heaika, amefuata hamira. Ghafla kila mtu akawa na cha kutazama dirishani. Alikuwa ameshasikia, maana Askofu hajui kunong'ona. Akavua glavu zake, akasimama mbele ya Biera.

— Shemeji, nina swali moja tu. Ulipokuwa unajaza, injini ulikuwa umeizima?

Redio akadakia kwamba hilo nalo ni swali la kumuuliza mtu aliyekulia juu ya pikipiki. Ristiinna hakumtazama.

— Uliizima?

Biera akaweka kikombe chini.

— Kulikuwa na baridi, Ristiinna. Ningeizima, isingewaka tena.

— Basi kaseme hivyo hivyo jioni.

Akachukua hamira yake, akatoka. Tuliona aibu. Kupitia dirishani tulimwona akipita katikati ya pikipiki zetu tatu, zote zikinguruma peke yao kando ya pampu.