Vitambaa Nyuma ya Mahindi ya Mbegu

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena na tena! Wapendwa, leo nimesimama mbele yenu nikiwa mkavu. Wanawake wenzangu wengine wameshaelewa. Wanaume, vumilieni kidogo, nanyi mtaelewa sasa hivi.

Mnanijua, mimi ni Mama Wakio wa Werugha, yule wa kabeji na maziwa. Mnakumbuka pia nilivyokuwa nikiabudu. Watu wameketi, mimi niko nyuma karibu na mlango, wima, ibada nzima. Mchungaji aliwahi hata kunisifu hapa mbele, eti Mama Wakio ana kiu ya Mungu. Ndugu zangu, kiu gani! Nilikuwa naogopa kulowesha benchi.

Ilianza baada ya kumzaa kitindamimba wangu. Nilirudi shambani mapema, maana ng'ombe hajui habari za mzazi. Na kwetu hakuna njia tambarare. Nepia, yale majani ya ng'ombe, unaikata bondeni, unaipandisha kwa mgongo hadi bomani. Siku moja nikiwa na mzigo, nikahisi kitu kinateremka, kinakaa pale njia ya uzazi kama yai. Tangu hapo, nikikohoa, mkojo. Nikicheka, mkojo. Nikaacha kucheka. Mimi, mnayenijua!

Nikajua ni kansa, nikajua nakufa, na sikumwambia mtu. Nikahama kitanda cha mume wangu, nikisingizia mtoto ana kifua, nitalala naye. Yule baba wa watu akakonda kwa mawazo. Alidhani nimemchoka. Akaanza kukaa Voi kazini, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi tu, na akija hatuna la kuongea. Ndoa yangu ilikuwa inabomoka nikiitazama, na mdomo haufunguki!

Niliomba, ndugu zangu. Nilifunga. Nilisema, Bwana, nitumie malaika wako aniguse.

Sasa sikieni. Kwetu ukungu ukishuka, nguo haikauki. Na vitambaa vyangu vya kujistiri ningevianika wapi, watu wavione? Nikawa navificha darini jikoni, juu ya moto, nyuma ya mahindi ya mbegu. Jiko hilo tunapika pamoja na mama mkwe wangu, na yeye ni mtu wa heshima zake. Tangu niolewe hatujawahi kuzungumza jambo lolote la chini ya kiuno. Mtu na mama mkwe wake, mtaanzia wapi?

Mchana mmoja mama mkwe amepeleka maziwa, nikapanda kwenye kigoda nitoe vitambaa vyangu. Mkono ukaenda pembe ile nyingine, ukatoka na bunda nisilolijua. Vitambaa vya leso ya zambarau, vimekatwa vizuri, vimekunjwa. Leso ile nilimnunulia mimi mwenyewe, zawadi ya Krismasi! Kugeuka, mama huyo mlangoni na debe lake tupu.

Akasema polepole, "Mama Wakio, vyako viko upande wa dirisha. Hivyo ni vyangu."

Wueh! Nilishuka, nikakaa chini, nikalia. Mama naye akakaa kando yangu, akalia. Kumbe amelibeba jambo lile lile tangu mume wangu akiwa mtoto wa kunyonya! Kumbe alikuwa ameviona vyangu kitambo, kila siku anatafuta maneno ya kuanzia na hayapati. Jamani, mimi nangoja malaika, na Mungu ameshanitumia mama mkwe!

Jumatatu tukashuka hospitali Wundanyi, sote wawili chini ya mwavuli mmoja. Nesi alitupima bila kutucheka. Akasema si kansa. Kizazi kimeshuka na kibofu nacho kimeteremka, huwapata wanawake wengi, kwa uzazi na mizigo mizito, na matibabu yapo. Mama akawekewa pete laini ya mpira ya kukizuia kizazi, na hurudi kliniki ikaguliwe na kusafishwa. Mimi nilifundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini, na baadaye nikafanyiwa upasuaji Voi.

Kabla ya upasuaji nilimwambia mume wangu yote. Alifunika uso kwa mikono, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo hukuwa umenichoka?" Ndugu zangu, swali hilo liliniuma kuliko kisu cha daktari. Siku hizi nepia anaibeba yeye, maana nimekatazwa mizigo. Wenzake wanamtania njiani, naye anapanda nayo tu mlima.

Namshukuru Mungu! Nawashukuru madaktari na manesi, maana Mungu aliniponya kwa mikono yao. Na mama yangu yule pale, benchi ya mbele. Mwangalieni alivyoketi, mtoto wa Mungu!

Dada yangu, kama uko huko nyuma karibu na mlango, sikuiti mbele. Usiinue mkono. Ibada ikiisha, njoo tulipo mimi na mama, useme tu unaulizia habari za ng'ombe. Hatutakuuliza kitu. Tutakunywa chai, na Jumatatu tutakusindikiza hospitali. Mtumaini Bwana, hajakusahau, na wewe usijifiche kwa watu aliokuwekea karibu.

Hayo ndiyo yangu. Sasa, kanisa, kwa ruhusa yenu, naenda kuketi.