Mwalimu Samweli Mhoja Aweka Chini Tarumbeta

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Mwalimu Samweli Mhoja alistaafu kazi ya ualimu wa muziki katika usharika wetu hapa Tabora mjini. Alikuja mwaka 1988 akitokea Ziba, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akakabidhiwa kwaya moja, chumba kinachovuja, na matarumbeta matano ambayo mawili yalitoa hewa nyingi pembeni kuliko mbele. Ametuachia kwaya nne na vikundi vitatu vya tarumbeta.

Kwa wasiotufahamu, tarumbeta kwetu si pambo. Ndilo linalotuamsha alfajiri ya Pasaka na kutuongoza mpaka makaburini, ambako tunaimba hadi jua litoke. Pasaka bila tarumbeta ni jambo ambalo hakuna mtu wa usharika huu aliyewahi kuliona, ingawa tulikaribia mara moja. Tutafika huko.

Siku hizo mjini hapakuwa na fundi wa vyombo hivi. Mwalimu aliyafunga yale mabovu kwenye baiskeli akayapeleka kwa Majidi, fundi wa rejeta za magari, Mwislamu asiyekosa swala. Majidi alisema bomba ni bomba, akaziba matundu, kisha akataka afundishwe kupuliza ili ahakikishe kazi yake imeshika. Mpaka leo anajua mstari mmoja tu wa wimbo mmoja wa Krismasi, na kila tarumbeta linalotoka kwake hujaribiwa kwa mstari huo, hata iwe katikati ya Agosti.

Mwaka 2003 alikuja Siwema, muuguzi wa hospitali ya Kitete, akaomba kujifunza. Wakati huo wanawake waliimba na wanaume ndio waliopuliza. Hakuna aliyekumbuka nani alipanga hivyo. Mwalimu hakubishana na mtu. Alimpa tarumbeta, akamfundisha kwenye baraza la ofisi kila alipotoka zamu. Siwema alijifunza haraka kuliko wote waliomtangulia, lakini mbele ya watu hakuwahi kupiga.

Kisha ikaja Machi 2006. Zikiwa zimebaki wiki tatu kufikia Pasaka, Mwalimu alikuwa akirudi kwa pikipiki kutoka Ipole, alikokwenda kufundisha kwaya, akateleza kwenye mchanga na kuanguka kifudifudi. Akang'oka meno manne ya mbele. Kwa mpiga tarumbeta, hilo ni sawa na mwandishi kuvunjika mkono. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga sauti ya kwanza, na wale saba waliobaki walizoea kumfuata.

Wazee wa kanisa walikutana. Wengine walitaka twende makaburini kimya mwaka huo. Mwalimu aliingia na uso uliovimba, hawezi kusema, akampa mwenyekiti, Mzee Mahona, karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Mzee akaisoma kwa sauti: "Siwema anajua nyimbo zote kumi na mbili. Mimi sina meno."

Wachache walicheka, wengi hawakucheka. Mzee Mahona aliuliza kama ilikuwa heshima mwanamke kupuliza tarumbeta juu ya makaburi. Mwalimu aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaandika mstari mmoja: "Nusu ya waliolala pale ni mama zetu."

Mwandishi wa taarifa hii ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Mwishowe walikubaliana: Pasaka hii tu.

Alfajiri ile Siwema alisimama mbele ya wanaume saba, mbele ya mlango wa kanisa. Noti ya kwanza ilimkatikia. Akashusha tarumbeta. Mwalimu, aliyesimama kando yake akishika taya, hakumtazama wala hakumwonea huruma; aliinua tu kidole kumpa mapigo upya. Siwema akavuta pumzi, akaanza tena, na safari hii sauti ilitoka safi, ikapita juu ya mabati ya mtaa mzima. Watu walifungua milango. Tulipofika makaburini tulikuwa wengi kuliko tulivyoondoka.

Jua lilipotoka, Mzee Mahona alivua kofia, akamfuata Siwema alipokuwa akifuta tarumbeta kwa kitenge chake. Akamwambia, "Binti, mwakani uje na wenzako." Ile "Pasaka hii tu" ilidumu saa mbili.

Kuhusu meno, daktari alimwekea Mwalimu ya bandia na kumshauri asahau kupuliza. Mwalimu alishukuru, akarudi nyumbani, akaanza upya na kile kipande kidogo cha kuwekea mdomo, peke yake, kila siku. Majirani walidhani amenunua bata. Ilimchukua miezi kumi na minne. Siku aliporudi kikundini, Siwema aliinuka ili ampishe kwenye nafasi ya kwanza. Mwalimu alimfanyia ishara akae, akavuta kiti, akapiga sauti ya pili. Ameipiga sauti hiyo miaka kumi na minane, akiwa kiongozi, na hatujamsikia akilalamika.

Leo vikundi vya mjini, Ipole na Ziba vina wapigaji sitini na wanne, wanawake thelathini na mmoja. Wote walikuja kumuaga Jumapili ya tarehe 29 Juni. Walipoanza pamoja, vioo vya madirisha vilitetemeka, na Majidi, aliyekaa kwenye kiti cha wageni akiwa na kanzu yake nyeupe, alionekana akisikiliza kwa makini kama kuna linalovuja. Hakuna lililovuja.

Jumapili iliyofuata Mwalimu aliingia kanisani akasimama katikati, hajui aende wapi. Miaka yote alikuwa akikaa mbele na kikundi. Mkewe, Mama Julieth, aliondoa mkoba wake kwenye benchi. "Kaa hapa," alimwambia. "Miaka thelathini na saba nimeona mgongo wako tu."

Siwema akaanzisha wimbo. Mwalimu aliimba ubeti wa kwanza kwa besi nzito, kisha akanyamaza. Mtu aliyeupiga wimbo ule mara mamia hakuwahi kupata nafasi ya kujifunza maneno ya beti zake nyingine. Mama Julieth akafungua kitabu, akakisogeza katikati yao, akamwonyesha mstari kwa kidole.

Asante, Mwalimu, kwa kila pumzi uliyotupa. Mungu awape wewe na Mama afya njema na siku nyingi za kukaa benchi moja, mkiimba beti zote mpaka wa mwisho.