Aliyemfuata Mkewe Wodini: Maisha ya Ta Aristides Karugendo

Waheshimiwa mapadre, wakwe zetu mliotoka Kimwani, majirani wa Maruku, wafanyakazi na wanafunzi wa Hospitali ya Nyakashozi, familia inawashukuru kwa kusimama nasi hapa kibanjani kwake, kwenye migomba, leo, Ijumaa tarehe 13 Mei 1983. Tulipokaa jana kuandika maisha ya ndugu yetu, wengine tulitaka kuruka mambo fulani, lakini mjane wake, Ma Celina, alituambia, "Someni yote, mkimwondolea wivu wake mtakuwa mnamzika mtu mwingine." Kwa hiyo tunayasoma yote.

Aristides Karugendo alizaliwa hapa Maruku tarehe 3 Machi 1931, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha mwaka 1948 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo kuhudumia kitalu cha miche ya kahawa, kazi aliyoipenda na kuisifia mpaka watu wakachoka kumsikiliza. Tarehe 10 Januari 1959 alifunga ndoa na Celina Kokugonza, binti wa mzee Lameki wa Kimwani, Muleba, muuguzi aliyekuwa amemaliza mafunzo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joviana aliyezaliwa 1960, Anatory 1963 na Ephrasia 1967.

Wivu wake ulijulikana tangu siku ya harusi, alipomwuliza mpiga picha kwa nini bibi harusi ameambiwa atabasamu mara ya pili. Maadamu Celina alikuwa akifanya kazi katika zahanati ndogo ya Nyakashozi, pembeni ya mji wa Bukoba, pamoja na masista na akina mama wazazi, Aristides alilala usingizi. Baada ya Uhuru wananchi walijitolea, wakabeba mawe na kufyatua matofali, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, zahanati ikakua ikawa hospitali, na mwezi Julai 1969 hospitali hiyo ikaunganishwa na chuo cha udaktari cha Dar es Salaam, vijana wakaanza kuja kwa zamu kujifunza kazi, wamevaa makoti meupe, wanazungumza Kiingereza na wauguzi, na wauguzi wanacheka.

Hapo usingizi ulikatika. Mwezi Septemba mwaka huohuo Aristides aliacha kazi kituoni, wakati tayari alikuwa ametajwa kuwa mnyapara wa kitalu, akaenda kwa matroni, Sista Immakulata, akaomba kazi yoyote, akapewa ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Jioni ile Celina alimwuliza, "Baba Joviana, miche imekukosea nini?" naye akajibu kwamba taifa changa linahitaji watu hospitalini.

Alisukuma vitanda hivyo kwa miaka mingi, na njia zake zote, hata za kwenda chumba cha upasuaji, zilipitia wodi ya Celina. Mwaka 1971 alikuwapo mwanafunzi mmoja, Philbert, kijana mrefu mwenye sauti nzuri, na siku moja Aristides alimwona akimnong'oneza Celina jambo, Celina akashika mdomo kwa kicheko, yeye akasimama pale akitazama hadi mgonjwa aliyekuwa anamsukuma akanyanyua kichwa na kusema, "Waitu, ndugu yangu, mimi nina ngiri, usiniache mlangoni." Usiku ule hakugusa chakula. Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakujua Kiingereza, akawa haelewi mkewe anaambiwa nini mbele ya macho yake, na kwa kuwa serikali ilikuwa ikihimiza watu wazima wasome, alijiunga na madarasa ya jioni, akashikilia Kiingereza kwa juhudi iliyomshangaza mwalimu wake, mpaka siku ikafika akasimama nyuma ya pazia la wodi na kuelewa kila neno, akagundua kwamba Philbert na Celina walikuwa wakizungumza habari za usaha, mkojo na choo. Alitusimulia jambo hilo yeye mwenyewe akicheka, lakini alikiri kwamba nafuu ile haikudumu, kwani sasa aliwaonea wivu hata kwa jinsi walivyokuwa na mambo mengi ya kuambiana.

Mwezi Mei 1974, wakati nchi nzima iko katika pilikapilika za vijiji vya ujamaa, Sista Immakulata alikutana naye kwenye chumba cha kufulia, akamwambia, "Aristides, mwambie mkeo chuo cha Dar es Salaam kimempa nafasi ya kusomea ualimu wa uuguzi, miaka miwili, anijibu kabla ya Ijumaa." Alirudi nyumbani na maneno hayo kifuani, akala nayo, akalala nayo, akimwona mkewe katika mji asioujua, akicheka na watu asiowajua, na siku ya Ijumaa akamwambia matroni, "Amesema hawezi, watoto bado wadogo." Nafasi ikapewa Mastura, muuguzi wa Bukoba mjini, rafiki wa Celina, naye alipokuja kuaga alimshika mikono akasema, "Dada, sitasahau ulivyoniachia nafasi yako."

Celina hakupiga kelele. Alimtakia Mastura safari njema, akaenda kumwuliza matroni, akasikia jibu ambalo Aristides alikuwa amelipeleka, akamaliza zamu, akavua sare, akawachukua watoto wake na kwenda kwao Kimwani. Aristides na kaka zake walimfuata wakiwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama desturi yetu inavyotaka, mzee Lameki akaipokea, akawapa wageni kahawa ya kutafuna, na mambo yakaelekea kuisha kiume, ndipo Celina akatoka ndani akamwambia baba yake mbele ya wote, "Tata, nisamehe, lakini sirudi kwa sababu ya pombe. Aseme ukweli palepale alipodanganya, akishasema nitajua la kufanya." Aristides alirudi Maruku peke yake, akakaa wiki kadhaa, migomba haijapogolewa, na mtu aliyeogopa mkewe asiende mbali akajikuta amemfukuza yeye mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 8 Julai 1974, wafanyakazi wote wakiwa wamekusanyika kwa sala kabla ya kazi, alisimama katikati ya wauguzi, madaktari na wanafunzi wao, akasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza ili asibaki mtu wa kuuliza, kwamba mkewe hakukataa nafasi, hakuwahi hata kuambiwa, na kwamba yeye alidanganya kwa wivu. Wanafunzi wengine walicheka. Sista Immakulata hakucheka, akamwambia, "Ile imekwenda. Nitaomba nyingine, na ikipatikana, sanduku lake utalibeba wewe."

Celina alirudi, nafasi nyingine ikapatikana, na mwezi Julai 1975 Aristides alilibeba sanduku hadi gatini Bukoba, akapanda nalo melini, akakagua mahali mkewe atakapolala, akamwuliza mama mmoja aliyekuwa jirani kama naye anafika Dar es Salaam, akashushwa na baharia meli ikikaribia kung'oa nanga. Kwa miaka miwili alipika matoke, akafua, akachana nywele za Ephrasia, na vijana walipomwambia kwenye rubisi kwamba mkewe atarudi na daktari, alijibu, "Hata mimi nafikiri hivyo kila siku, lakini aende akasome."

Celina alirudi mwaka 1977 akawa mwalimu wa wanafunzi wale, wanasimama akiingia wodini, na Aristides alisikia fahari na uchungu kwa pamoja, akaendelea kupitisha vitanda wakati wa masomo mpaka vijana wakamwita Mkaguzi. Wakati wa vita vya mwaka 1978, majeruhi walipojaa hadi varandani, ndipo pekee alipokosa nafasi ya kuangalia nani anazungumza na nani.

Mwezi Oktoba 1982 alianza kuvimba miguu na kubanwa pumzi, ikaonekana ni moyo, akalazwa Nyakashozi, akatibiwa, akaruhusiwa, akarudishwa tena Aprili mwaka huu. Jumatano tarehe 11 Mei, Celina aliomba ruhusa, akaja kwa gauni la nyumbani, akaketi kitandani na kumshika mkono. Mchana mwanafunzi mmoja alifika mlangoni akasema, "Mwalimu, tunakuomba wodi ya watoto mara moja," Celina akataka kuinuka kwa mazoea, na Aristides, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, alifumbua macho akasema, "Mwambieni mwalimu hayupo. Aliyepo hapa ni mke wangu." Yule kijana aliinamisha kichwa akaondoka, Celina akaketi, wala hakuinuka tena mpaka saa kumi na nusu jioni, ndugu yetu alipokata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakashozi, wanafunzi waliompa damu na usingizi wao, Sista Immakulata, Bi Mastura na jamaa zake wa mjini, wafanyakazi wenzake, balozi wetu wa nyumba kumi na majirani mliochimba, mliopika na mliolala hapa nje kwenye nyasi.

Pumzika kwa amani, Ta Aristides, kwa mara ya kwanza bila kumlinda mtu.